Spesa Hazitulizi Gari

Wiki iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu gereji moja ya Ilala, kwa sababu Toyota IST yake ilikuwa inavuta kushoto kila akikanyaga breki. Gari lenyewe limeinuliwa kwa spesa juu ya shokapu, na magurudumu yametolewa nje ya fenda kwa spesa nyingine nyuma ya rimu. Nikamuuliza fundi spesa za nini. Akajibu bila hata kuinua macho: "Mzee, gari ikitanua miguu inatulia. Hiyo haipinduki tena." Vijana waliokaa kwenye tairi chakavu wakatikisa vichwa kukubali. Mpwa wangu naye akakubali, wakati yeye ndiye aliyekuja kulalamikia usukani.

Kauli hiyo nimeisikia Arusha na Mwanza, na Mombasa nimeisikia kwa madereva walioshika usukani kabla sijazaliwa. Si kweli. Imerudiwa mara nyingi tu.

Geuza rimu uangalie mgongoni. Rimu nyingi za spoti zimeandikwa herufi ET na namba: ET38, ET45, ET50. Hiyo ndiyo ofseti: umbali wa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikishuka, linatoka nje. Rimu ya ET45 ukiiwekea spesa ya milimita 25, unaendesha ET20, hata kama mgongoni bado pameandikwa 45. Aliyetengeneza gari hakuiokota namba hiyo njiani. Alipanga uzito wa gari ushukie karibu na katikati ya beringi, na mstari unaotoka kichwani mwa shokapu kupitia bolijointi uguse ardhi karibu na katikati ya tairi. Spesa inaharibu vyote viwili kwa mkupuo mmoja.

Shika ndoo ya maji ukiwa umeibana ubavuni, kisha nyoosha mkono pembeni ukiwa nayo. Maji hayajaongezeka hata tone, lakini bega litakuambia. Beringi ya IST ndiyo hilo bega. Halafu mtu anakuja kulalamika kwamba beringi za siku hizi ni feki, amebadilisha mara mbili na bado gari linanguruma.

Usukani nao ndio ulioleta kesi ya mpwa wangu. Tairi likishatoka nje ya ule mstari, kila shimo na kila tuta linapata mkono mrefu zaidi wa kupindisha usukani. Ukishika breki huku gurudumu moja likiwa kwenye lami na lingine kwenye mchanga wa pembeni, gari linavutwa upande wenye mshiko. Na barabara zetu ni mchanga wa pembeni kila kilomita. Pita barabara ya Morogoro pale malori yalipochimba mifereji kwenye lami, ukiwa na gari lililotanuliwa, uone usukani unavyotaka kwenda kwake. Huo ndio utulivu tunaouziwa.

Tuje kwenye kupinduka, maana hapo ndipo wanapojidai zaidi. Ni kweli upana unasaidia gari lisipinduke. Lakini kinachoamua ni upana ukilinganishwa na kimo cha kitovu cha uzito. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, huanzia hapo hapo inapopima hatari ya gari kupinduka: chukua upana kati ya magurudumu, gawa kwa kimo hicho mara mbili. Tuseme gari dogo lina upana wa milimita 1,450 na kitovu kipo milimita 550 toka ardhini. Unapata 1.32. Sasa weka spesa za 25 kila upande, upana ufike 1,500, kisha uliinue gari inchi mbili ili lipite kwenye matuta. Kitovu kinafika karibu 600, na jibu ni 1.25. Umelipia spesa za pembeni, umelipia spesa za juu, umelipia na ufundi, na gari sasa ni jepesi kupinduka kuliko lilivyoshuka melini. Hesabu hii mtoto wa darasa la saba anaimaliza kwa kalamu moja. Hakuna fundi aliyewahi kuifanya mbele ya mteja.

Watetezi wa spesa wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote: "Mbona mimi natembea nazo mwaka wa pili na tairi halijachomoka?" Hii ni hoja ya mtu asiyefunga mkanda kwa sababu hajawahi kugonga. Wengine wananitajia Porsche, kwamba mbona wenyewe wanauza spesa kutoka kiwandani. Ni kweli wanauza, kwa mfano za milimita 5, pamoja na bolti zake ndefu, kwa gari lililopimwa likiwa nazo. Ukilinganisha hizo na chuma cha milimita 30 kilichochongwa kwenye lezi mtaani, bila hata duara la katikati la kushika habu, hujui unachokisema.

Gurudumu la mpwa wangu tulilivua. Spesa yenyewe ilikuwa sahani tupu iliyochomekwa kwenye stadi zile zile za kiwandani. Nikaichukua nati nikaizungusha kwa vidole: mizunguko minne, imefika mwisho. Stadi ya Toyota hiyo ni ya milimita 12, na kila mzunguko wa nati unapanda milimita moja na nusu. Kwa hiyo nati ilikuwa imeshika milimita 6 za uzi, mahali panapotakiwa angalau 12. Uzi wa nje ulikuwa unang'aa kwa kusagika. Kinachoshikilia gurudumu ni mkandamizo wa rimu kwenye habu. Mkandamizo ukilegea, stadi zinaanza kupinda na kurudi, kupinda na kurudi, mpaka inakatika moja, kisha zinafuatana. Fundi alisema nati "imekaza vizuri". Rimu zenyewe zilikuwa za bei ya kuezekea nyumba, zimevalishwa tairi za mtumba zilizopasuka ubavuni.

Na sheria iko wapi? Ujerumani spesa isiyo na hati ya ukaguzi inakutoa barabarani, wakaguzi wa TÜV hawana mchezo. Hapa trafiki atakusimamisha akuulize kizimamoto na pembetatu, huku gurudumu limetoka nje ya fenda linamrushia matope mwenye bodaboda, na yeye haoni kitu.

Anayetaka gari lake lijaze fenda ana njia halali: anunue rimu pana kidogo yenye ofseti inayokaribiana na ya kiwandani, tundu lake la katikati lishike habu, kwa Toyota nyingi ndogo milimita 54.1, na kama tundu ni kubwa aweke ringi ya kulijaza. Itamgharimu zaidi ya spesa. Sawa, imgharimu.

Ninaowasemea zaidi ni wenye Noah na Alphard zinazobeba watoto wa shule asubuhi. Nimeziona zimeinuliwa na kutanuliwa, watoto wamejaa mpaka mlangoni. Mzazi, kesho gari likija kumchukua mwanao, inama uangalie magurudumu. Ukiona yametoka nje ya fenda, muulize dereva kuna nini nyuma ya rimu, na mtoto asipande mpaka akujibu.