Nani Anapima Homa ya Mji?



Ukilala katika kitanda cha hospitali, mwuguzi anakuja asubuhi na kipimo cha homa. Jioni anakuja tena. Kila mara anaandika hesabu katika karatasi iliyotundikwa penye miguu ya kitanda. Labda unawaza moyoni, Kwa nini wananisumbua hivi? Nimekwisha kuwaambia kwamba nina homa. Lakini munganga akisoma karatasi ile anaona mambo ambayo wewe huwezi kuyaona. Anaona homa ilianza kupanda siku gani, na dawa ilianza kuishusha siku gani. Mkono juu ya paji la uso unasema moto au baridi tu. Kipimo kinasema moto kiasi gani.

Leo nataka kukuuliza neno moja. Mji wetu unavuta moshi kila siku, asubuhi na jioni. Ni nani anayepima homa ya mji?

Watu wengi wanafikiri kwamba moshi ni taabu ya macho na pua tu. Wanapangusa machozi, wanapita. Lakini ndani ya moshi mna vumbi dogo sana, hata macho hayawezi kuliona. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene kupita chembe moja ya vumbi lile mara 20 na zaidi. Vumbi kubwa linashikwa na pua na koo, nasi tunalikohoa na kulitema. Vumbi dogo halishikwi. Linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na sehemu yake inapenya katika damu. Kwa hiyo halileti kikohozi peke yake. Linaongeza ugonjwa wa moyo, kupooza kwa ghafula, kansa ya mapafu, na nimonia ya watoto wadogo. Mama mwenye mimba akivuta moshi siku zote, mtoto wake anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya ndani ya nyumba, pamoja, inasababisha vifo vya watu milioni 7 hivi kila mwaka.

Sasa sikiliza habari tatu. Zilitokea Ulaya, lakini fundisho lake ni letu pia.

Habari ya kwanza ni ya Ubelgiji. Katika bonde la mto Meuse, karibu na mji wa Liège, kulikuwa na viwanda vingi. Mwanzoni mwa Desemba 1930 ukungu ulitanda, na upepo ukanyamaza. Hewa ya baridi ilikaa chini, na hewa yenye joto ikakaa juu yake kama kifuniko juu ya sufuria. Moshi wa viwanda ukakosa njia ya kutoka. Baada ya siku chache watu maelfu walikuwa wanashindwa kupumua, na zaidi ya 60 wakafa. Ng'ombe pia walikufa. Waganga wakafungua maiti, wakaviandika viwanda vyote, wakachunguza gesi zake. Mmoja wao, jina lake Jean Firket, akapiga hesabu. Akasema kwamba ukungu kama ule ukiufunika mji wa London, watu 3,200 wataweza kufa. Maneno yake yalichapwa katika vitabu. London iliendelea kuchoma makaa ya mawe kama zamani.

Habari ya pili ni ya London yenyewe. Tarehe 5 Desemba 1952, miaka 22 baada ya ukungu wa Meuse, kifuniko kile kile kiliushukia mji. Kilikaa siku tano. Mchana watu hawakuona miguu yao wenyewe, na motokari zilikwama njiani. Wengi waliudhania kuwa ni ukungu wa kawaida wa mji wao. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa watu 4,000 hivi, kupita ile ambayo Firket aliogopa. Wataalamu waliohesabu upya baadaye walisema kwamba huenda walifika 12,000. Mwaka wa 1956 serikali ya Uingereza ikatoa sheria ya hewa safi. Sheria ilikuwa njema. Lakini tazama, ndugu, ilikuja nyuma ya majeneza.

Habari ya tatu ndiyo inayonichoma moyo zaidi. Ni ya London vilevile, lakini ni ya siku zetu. Alikuwako mtoto wa kike, jina lake Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekaa na mama yake karibu sana na barabara kubwa ya motokari. Alikuwa na pumu kali. Katika miaka mitatu alipelekwa hospitali karibu mara 30. Mwezi wa Februari 2013 alikufa, naye alikuwa na miaka tisa. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukutaja hewa hata kidogo.

Basi, karibu na kwao kilikuwako chombo cha kupima hewa. Kilikuwa kimeandika hesabu zake siku kwa siku, miaka yote ile. Profesa mmoja wa magonjwa ya mapafu, Stephen Holgate, alichukua hesabu za chombo na hesabu za hospitali, akaziweka pamoja. Akaona kwamba hewa ilipochafuka, mtoto alizidiwa. Mama hakuacha kuomba uchunguzi mpya, na mwezi wa Desemba 2020 mwamuzi wa vifo alitamka kwamba hewa chafu ilikuwa sehemu ya sababu ya kifo cha Ella. Alisema tena kwamba mama hakupewa habari ya hewa ile, na kama angalipewa angaliweza kuchukua hatua.

Soma tena neno hilo, ndugu. Chombo kilikuwako. Hesabu ziliandikwa. Mama hakuambiwa.

Hapo ndipo ninapotaka ufike pamoja nami. Huko Meuse walipima baada ya watu kufa, wakaonya, wasisikiwe. London ya 1952 watu hawakutambua ubaya wa ukungu mpaka maiti walipohesabiwa. Kwa Ella walipima kwa wakati wake, lakini kipimo kilibaki katika ofisi. Mimi ninasadiki kwamba kipimo kisichomfikia mama wa mtoto ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Inahesabiwa kila mwezi, nayo haiponyi mtu.

Wala sisemi hivi ili kuwahukumu watu wa mbali. Mimi mwenyewe nina deni. Mama mmoja alileta mtoto wake kwangu mara tatu kwa kiangazi kimoja. Kifua kilikuwa kinalia, mbavu zikiingia ndani kila alipopumua. Mara tatu nilimpa dawa, nikaandika katika buku neno moja tu, "kifua". Mara ya tatu mzee wa kanisa aliyewasindikiza aliniambia, "Bwana mwuguzi, nyumba yao iko nyuma ya shimo la takataka. Wanachoma kila jioni, na kila jioni mtoto huyu anakohoa." Nilikuwa sijauliza. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini buku langu halikuwa na neno hata moja la moshi.

Je, katika Kongo hewa inapimwa? Kwa miaka mingi vipimo vilikosekana kabisa. Miti ndiyo iliyosema. Wazee wa Lubumbashi wanajua jinsi miti ilivyokufa upande ule ulikoelekea moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, kilichoanza kazi mwaka wa 1911. Lakini mti ukikauka, mapafu ya mtu yamekwisha kuvuta hewa ile ile siku nyingi.

Katika miaka ya karibuni wataalamu waliweka vyombo vidogo vya kupima vumbi katika Kinshasa. Chombo chenyewe kinaweza kukaa juu ya meza ndogo. Ndani yake mna feni inayovuta hewa, na mwali wa mwanga unaohesabu chembe zinapopita. Walikadiria kwamba wastani wa mwaka wa 2019 ulikuwa mikrogramu 43 hivi. Maana yake ni hii: ukichukua hewa ya kujaza sanduku lenye meta moja kila upande, ndani yake mna mikrogramu 43 za vumbi dogo. Wakati ule Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema isipite 10. Mwaka wa 2021 likapunguza, likasema isipite 5. Kwa hiyo hewa ya mji ule ilizidi kipimo kipya zaidi ya mara nane. Tena iliharibika zaidi wakati wa kiangazi, mvua inapokosekana na majani yanapochomwa.

Najua kuna watu watakaonipinga. Mmoja atasema, "Bwana mwuguzi, kipimo hakijazi tumbo. Sisi tunapika kwa makala kwa sababu hatuna kitu kingine. Ukinionyesha hesabu, nitaacha kula?" Neno lake lina haki. Sitaki kipimo kiwe fimbo ya kumpiga mama mwenye mbabula, huku kamio zinazotoa moshi mweusi zikipita salama, na mashine za umeme zikinguruma usiku kucha, na shimo la takataka likiwaka katikati ya nyumba za watu. Lakini pasipo kipimo, kila mtu atamsukumia mwenzake kosa. Mwenye kiwanda atasema ni mbabula. Mwenye mbabula atasema ni kamio. Kipimo kikiwekwa hapa na pale, kikasomwa asubuhi, mchana na jioni, ndipo tutajua moshi unatoka wapi na saa ngapi. Nao wakubwa wa mji watakosa pa kujificha.

Mwingine atasema, "Vyombo ni vya bei." Vile vikubwa ni vya bei kweli. Vidogo vimeshuka bei sana, na shule, hospitali au kanisa kubwa linaweza kukipata kimoja kwa mchango. Lakini visisadikiwe ovyo. Chombo kidogo kinaweza kudanganywa na unyevu wa hewa, hivyo kinafaa kulinganishwa na chombo kikubwa, sawasawa na vile tunavyolinganisha kipimo cha homa tunachokishuku na kingine kilicho kizuri.

Na pale ambapo chombo hakijafika, tuna buku. Katika kila hospitali na kila zahanati kuna buku la wagonjwa. Inafaa tuongeze maneno machache tu: mgonjwa wa kifua anakaa mtaa gani, wanapika wapi, kuna nini karibu na nyumba, shida ilianza siku gani. Baada ya kiangazi kimoja tutafungua buku na kuhesabu. Buku haliwezi kusema kwamba moshi ndio uliomwua mtu fulani. Lakini likionyesha kwamba watoto wa mtaa mmoja wanakuja mara tatu kuliko wa mtaa mwingine, hapo tuna neno la kumpelekea mkubwa wa mji, nalo si malalamiko tu.

Wewe msomaji, usingoje mpaka siku ile. Pikia nje, au mahali penye madirisha mawili yanayoelekeana. Usiingize mbabula yenye makala ya moto katika chumba cha kulala, hata kukiwa baridi. Makala yale hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo imewaua watu wa nyumba nzima katika usingizi. Usichome plastiki wala mipira ya magurudumu. Mtoto mwenye pumu asichezee kando ya barabara kubwa saa ambazo motokari ni nyingi. Na ukija hospitali kwa ajili ya kifua, usingoje kuulizwa kama yule mama alivyongoja. Mwambie mwuguzi juu ya moshi wa kwenu, uombe auandike.

Nanyi wazee wa makanisa na walimu, mnasimama mbele ya watu kila juma na kutoa matangazo. Mnatangaza mikutano, arusi na vifo. Kama katika mji wenu kuna mtu anayepima hewa, mwombeni hesabu zake na kuzitangaza pia, kwa maneno ambayo mama wa mtoto atayafahamu: Juma hili hewa ni mbaya, wenye pumu wakae mbali na moshi na dawa zao ziwe karibu. Kama hakuna anayepima, ulizeni kwa nini, tena ulizeni kwa sauti.

Siku moja mama wa Ella alipewa hesabu zote, lakini mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Tuwape mama zetu hesabu watoto wakiwa wazima.