Gari Lenye Kitanda na Haki ya Mke

Mama mmoja wa hapa kwetu Tassia ametuletea swali ambalo halijapata kufika katika ukurasa huu. Mumewe amestaafu jeshini, naye adhamiria kununua gari kubwa lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Ataka wauze nyumba wahamie humo. Leo wawe Lamu, kesho Kisumu, mtondogoo wapendapo. Auliza mama: je, yamlazimu kumfuata? Na Swala zao zitakuwaje?

Wako majirani waliomcheka mzee huyo. Sisi hatuoni cha kucheka. Kutembea katika ardhi kwa mazingatio ni jambo ambalo Qur'ani imelihimiza mara nyingi, na askari aliyezoea kuhamishwa kambi hadi kambi, na wenziwe wengine kupelekwa Somalia tangu Oktoba 2011, huziona kuta nne kama kifungo. Mwenye kuijua Tassia, ghorofa zilivyobanana hata nguo za jirani zikapangusa dirisha lako, hatamlaumu mtu kwa kutamani upeo.

Wala si wa kwanza. Baden-Powell, jenerali wa Uingereza aliyeasisi Skauti, ambao watoto wetu huvaa skafu zao shuleni, alistaafu jeshi mwaka 1910. Mwaka 1929 Skauti walimtunukia gari la Rolls-Royce pamoja na nyumba ya magurudumu ya kukokotwa nyuma yake. Lakini mwaka 1938, umri umeshapita miaka 80, alikuja Nyeri na mkewe wakakaa katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, na humo akafariki Januari 1941. Aliyekuwa na magurudumu naye alihitaji mlango usiohama.

Na mlango ndio penye uzito wa swali hili. Mama atueleza kwamba miaka yote mumewe alipokuwa kambini, ni yeye aliyelea watoto, akawapeleka hospitali usiku, akawasomesha madrasa. Nusu ya mawe ya nyumba hiyo yalinunuliwa kwa faida ya mahamri apikayo alfajiri na kwa zamu zake za chama. Ikiwa ndivyo, basi tuseme waziwazi, na waume watusikie: mali ya mke ni ya mke. Ndoa haikuichanganya na ya mume, wala jina la mume kuwa peke yake katika hati hakuibatilishi haki yake mbele ya Mola. Hata mahari, mume hali chochote katika hayo ila kile alichopewa kwa ridhaa ya nafsi. Kiinua mgongo ni cha mzee. Anunue gari akitaka. Nyumba haiuzwi bila ya ridhaa ya mama, na ridhaa iliyotolewa kwa kuchoshwa na maneno si ridhaa.

Kuhusu kumfuata, wanazuoni wengi wamesema mke huandamana na mumewe iwapo njia ni ya amani, na kwamba mume humpasa kumpa maskani yanayomfaa mtu mfano wake. Je, gari ni maskani? Mabedui waliishi katika mahema na ndoa zao zilikuwa sahihi, kwa hiyo hatuwezi kudai kuta za mawe. Kipimo ni stara na usalama. Choo kiko wapi? Ataoga wapi bila kuonekana? Mlango wafungwa kwa ndani? Usiku gari litaegeshwa uwanja gani, na nani mlinzi? Mzee akiyajibu haya kwa vitendo, amlete mama alitazame. Asipoyajibu, mama ana haki ya kubaki, wala asiitwe muasi.

Ila tusimnyime mama furaha ya safari pia. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze, na katika safari alishindana mbio na Bibi Aisha; Bibi akamshinda, na siku nyingine naye akamshinda. Ni yeye pia aliyefundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, na aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa ahali zake. Basi kwa nini wasianze na mwezi mmoja, nyumba ikabaki na ufunguo kwa binti yao mkubwa?

Sasa Swala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri hupunguza Swala ikiwa ana mahali maalumu aendako, na umbali si chini ya marhala mbili, yaani kilomita 80 na kidogo. Mwenye kuzurura asijue aendako hapunguzi. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, amekuwa mkaazi. Ama mwenye kusafiri daima, wazee wetu wa majahazi waliijua mas'ala hii: nahodha anayeishi chomboni na ahali zake, Imamu Ahmad alimkataza kupunguza, na wanazuoni wa Shafi wakasema yafaa, lakini kutimiza ni bora kwake. Gari hili ni jahazi la nchi kavu. Wakiuza nyumba wakaishi humo, watimize.

Gari likiwa mwendoni, faradhi isiswaliwe kitini na awezaye kusimama, liegeshwe. Kibla si kigumu. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini barabara, na kutoka hapa Nairobi yaelekea mashariki kidogo. Dira ndogo yatosha, ila isomwe nje, mbali na gari, kwani chuma huivuta sindano. Hilo mzee, kwa kuwa alikuwa askari, bila shaka alijua kabla yetu.