Miaka Minne ya Lugha Gani?

Harvard inapendekeza mwanafunzi wa sekondari awe amesoma lugha moja ya kigeni kwa miaka 4. Stanford inataja 3 au zaidi. Chuo Kikuu cha California kinalazimisha 2 na kupendelea 3. Hizo ni hesabu za miaka, si za ulimi. Mpenzi wa ushairi atalitambua kosa hilo upesi: mshororo hauwi ushairi kwa kutimiza mizani 16 tu.

Watetezi husema kwamba miaka huonesha ustahimilivu. Basi na wakiri kuwa wanapima ustahimilivu, wasiuite lugha. Kijana wa mtaa wa wenye nazo huweza kumaliza miaka 4 ya Kifaransa asiweze kuagiza chai, na hati yake ikasifiwa. Mtoto wa wakimbizi wa Kongo huko Ohio, anayemkalimania mamaake kwa daktari, hati yake haioneshi hata mwaka mmoja, kwa kuwa shuleni kwake Kiswahili hakisomeshwi. Mitihani ya Advanced Placement ipo ya Kihispania, Kichina, Kijapani, hata ya Kilatini kisichosikika tena sokoni. Ya Kiswahili haipo. Na Kiswahili hichohicho, ajabu iliyoje, kinafundishwa Harvard na Yale!

California imeacha kijimlango: shule yaweza kuthibitisha umilisi wa mwanafunzi pasi na kuhesabu miaka. Kijimlango hicho ndicho kingekuwa lango. Na mtihani wa Kiswahili utungwe. Wa kuusahihisha wamo ndani ya vyuo hivyohivyo.