Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda Bila Kipimo ni Kamari

Mtu aliyewekewa vali bandia ya chuma moyoni hutoka hospitalini na masharti mawili: kumeza warfarini maisha yake yote, na kupima damu mara kwa mara. Sharti la kwanza si zito sana, kwa kuwa warfarini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. La pili ndilo linalomwelemea mwananchi wa Kilolo, Mufindi, Chunya au Kyela, kwa maana kila kipimo kinachofanyika mbali ni nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Warfarini ilizaliwa katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Kabla ya kuidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954, iliuzwa kama sumu ya panya. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu, pengine ndani ya ubongo. Ikipungua, damu huganda kwenye vali na kuleta kiharusi. Kwa wagonjwa wengi, kipimo kiitwacho INR hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Lakini mchicha na majani ya maboga vina vitamini K inayoipunguza nguvu, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha zaidi. Je, tumwambie mtu wa Nyanda za Juu Kusini aache mboga? La hasha. Tumpime.

Wapo watakaosema kwamba dawa mpya zisizohitaji kupimwa kila mara zimemaliza tatizo. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroxaban. Kwa wenye vali za chuma, jaribio la dabigatran lilisitishwa kabla ya wakati kwa sababu ya viharusi na kuvuja damu. Kwa wagonjwa hawa, basi, kipimo hakikwepeki.

Hapa ndipo vihisi vya mwanga vinapotupa tumaini. Damu inapoanza kuganda, protini zake hujisuka kuwa nyuzi, na mwanga unaopita ndani yake hubadilika. Kifaa husoma badiliko hilo na muda lililochukua. Njia nyingine hutumia kemikali inayotoa rangi ya manjano: kadiri dawa kama heparini au rivaroxaban inavyokuwa nyingi katika damu, ndivyo manjano inavyofifia. Ndoto ya watafiti ni kuyafanya haya kwa tone moja la damu ya kidole, kama tupimavyo sukari.

Hata hivyo, nisingependa tushangilie kifaa kabla ya kukijaribu kwetu. Upungufu wa damu, mafuta mengi katika damu na ugonjwa wa manjano vyaweza kuupotosha mwanga. Kifaa kilichosahihishwa kwa damu ya watu wa Ulaya hakina budi kuthibitishwa kwa damu ya wagonjwa wetu. Kazi hiyo yaweza kufanyika hapa hapa: Mbeya ina kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wahandisi na matabibu wakae meza moja.

Wakati utafiti huo ukiendelea, tusimwache mgonjwa akisubiri. Mashine ndogo za INR zipo duniani tayari. Ziwekwe katika kila hospitali ya wilaya, na vitendanishi vyake vilipiwe chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mashine isiyo na vitendanishi ni pambo la mezani.

Taifa linalogharamia upasuaji wa moyo kisha likashindwa kulipia tone la damu limejenga nyumba likasahau kuiezeka. Mvua za Nyanda za Juu Kusini tunazijua: hazimsubiri mtu.