Pesa za Kubuni Hazimfundishi Mtu Soko la Hisa

Kila yanapokuja mashindano ya uwekezaji ya wanafunzi, sifa ni ileile: vijana wanajifunza soko la hisa bila hatari ya kupoteza hata senti. Soko la Hisa la Dar es Salaam limeyaandaa, la Nairobi vilevile. Mwanafunzi hupewa mtaji wa kubuni, hununua na kuuza kwa miezi michache, na aliyeukuza kuliko wenzake hupata zawadi. Nia ni njema. Lakini hiyo "bila hatari" ndiyo kasoro yenyewe.

Hebu jiweke mahali pa mshindani. Akiharibu hapotezi kitu, na akiwa wa 40 hapati kitu. Mwenye akili atafanya nini? Atamwaga mtaji wote kwenye hisa moja au mbili zinazoyumba, kisha aombe Mungu. Kati ya mamia ya washiriki hakosekani mmoja wa kubahatisha, naye ndiye tutakayempiga picha kama mwekezaji hodari. Tumetuza kamari.

Anayesema wanafunzi hawaaminiki na pesa halisi atazame Tennessee. Tangu 1998 TVA, shirika la umma la umeme la Marekani, limekuwa likiwakabidhi wanafunzi wa vyuo vya eneo lake sehemu ya fedha zilizotengwa kugharimia uzimaji wa mitambo yake ya nyuklia muda wake ukiisha, wawekeze kwenye hisa. Hizo si pesa za kuchezea.

Na faida kubwa ya mifuko ya pesa halisi inayosimamiwa na wanafunzi wala haimo kwenye hesabu za mwaka. Darasa linahitimu, mfuko unabaki. Wanaoingia wanarithi hisa ambazo hawakuzichagua, nyingine zimeshuka, nao lazima waamue: wauze kwa hasara au wavumilie? Wanafungua taarifa ya waliowatangulia, wanapima sababu walizotoa, wanakuta hoja ilikuwa mbovu. Au ilikuwa nzuri na bei imekataa tu, jambo ambalo ni gumu zaidi kuliamulia. Wakenya wanalijua hilo. Mwaka 2008 walinunua hisa za Safaricom kwa shilingi 5, wengine kwa mikopo. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Ni shindano gani la miezi michache litakalomwonjesha kijana safari hiyo?

Watapoteza? Pengine. Lakini chuo kikianzisha mfuko wake kwa shilingi milioni 20 za Tanzania, kikapiga marufuku kununua hisa kwa mkopo na kuweka kikomo cha kila kampuni, hasara yake haitafunga maktaba. Badala yake vijana watakutana na kamisheni ya dalali, kodi ya zuio kwenye gawio, na ule ugonjwa wa masoko yetu ambao mchezo huuficha: unaweka oda ya kuuza, siku zinapita, mnunuzi haonekani.

Pesa za kuanzia si kitendawili. Wadhamini wa mashindano haya hutoa zawadi kwa washindi wachache, nao huzitumia wapendavyo. Waziweke pesa hizo kwenye mfuko wa chuo, kwa masharti ya maandishi, na taarifa yake isomwe hadharani kila muhula, hasara ikiwemo.