Lebo ikitoka na mistari, usikimbilie kununua wino

HIVI karibuni nilikuta kikundi cha wasindikaji wa asali kimerudishiwa chupa zake na duka. Asali ilikuwa safi, ila mistari myeupe ilikatisha tarehe ya mwisho wa matumizi hadi mwaka haukusomeka. Wanakikundi walikuwa wamekwishanunua wino mpya mweusi, ingawa tangi la printa yao lilikuwa zaidi ya nusu. Wengine walishauri printa iuzwe.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo fedha nyingi za wajasiriamali wadogo hupotelea. Printa ya wino hurusha matone kupitia matundu membamba kuliko unywele. Sisi huchapa lebo msimu wa mavuno, kisha mashine hufunikwa kitenge miezi mitatu. Wino hukauka matunduni. Wapo pia wanaoizima ukutani badala ya kubonyeza kitufe chake, hivyo kichwa cha kuchapia hubaki wazi bila kurudi kwenye kifuniko chake.

Kwenye printa za matangi kichwa hicho kimo ndani ya mashine, kwa hiyo kuongeza wino hakuzibui kitu. Zipo printa ambazo matundu yamo kwenye katriji yenyewe. Hizo katriji mpya huweza kuziponya. Ijue yako kabla ya kutoa fedha.

Anza kwa kuchapa ukurasa wa kukagua matundu. Mistari yake ikikatika, iamuru printa isafishe kichwa, kisha kagua tena. Ikishindikana mara mbili au tatu, iache hadi kesho yake. Nimeona watu wakisafisha mara kumi mfululizo, na kila mara wino unaishia kwenye sponji ya taka, ambayo nayo ikijaa baadhi ya printa hugoma kabisa. Kama ukurasa wa ukaguzi ni mzima lakini maandishi yanaonekana mawilimawili, linganisha kichwa. Maandishi yakisambaa kama chai kwenye kitambaa, tazama karatasi: huenda umechapa upande usiofaa, au kompyuta imeelezwa aina nyingine ya karatasi.

Kuna na suala la maji. Wino wa rangi iliyoyeyushwa huchuruzika chupa ikilowa. Wa chembechembe huvumilia zaidi. Dondoshea tone la maji kwenye lebo iliyokauka kabla hujachapa mia mbili.

Karatasi zilizoharibika na wino wa kusafishia ni gharama za uzalishaji, na ziingie kwenye bei ya chupa. Vikundi vingi ninavyopitia hesabu zao haviandiki hata moja.

Wale wa asali walisafisha mara mbili, wakaiacha printa usiku kucha, wakarudia asubuhi. Mistari ikatoweka. Walibandika lebo mpya na duka likapokea chupa zote. Wino mweusi walionunua bado umo kwenye boksi lake.