Taa ya Baiskeli: Kufunga na Kuweka si Jambo Moja

Juma hili nataka tuzungumze habari za taa ya baiskeli. Huenda mtu akasema kwamba jambo hili ni dogo, halistahili nafasi katika gazeti. Mtu huyo na aje kwetu Rusinga katika siku za giza.

Wavuvi wa omena hufanya kazi yao hasa katika usiku usio na mbalamwezi, kwa maana taa zao huvuta samaki vizuri zaidi giza likiwa totoro. Mashua zirudipo alfajiri, wanunuzi yawapasa wawe wamekwisha fika pwani. Basi angalia jambo hili: siku ambazo waendao pwani kabla ya mapambazuko ni wengi, ndizo siku ambazo giza ni zito kuliko zote. Jioni nayo haitusaidii. Kisiwa chetu kiko karibu sana na Ikweta. Jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na mara giza hushuka.

Zamani mtu alivuka kwenda Mbita kwa chombo cha majini. Katika miaka ya 1980 tuta lilijengwa kuunganisha kisiwa na bara, na baadaye daraja likachukua nafasi yake. Hiyo ni neema, lakini pamoja nayo yamekuja magari na pikipiki. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 katika sekunde moja. Dereva akikuona ukiwa mita 30 mbele yake, hana hata sekunde 2 za kukukwepa.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na maumivu. Alfajiri moja nilikuwa nikiteremka kwenda pwani, na kurunzi nilikuwa nimeifunga kwenye usukani kwa kamba ya katani. Kamba ikalegea, kurunzi ikateleza, ikaingia katika spoki za gurudumu la mbele. Gurudumu likasimama, mimi nikaendelea. Mama mmoja muuza omena aliyekuwa akija nyuma yangu aliniinua, akanipangusa vumbi, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, taa hii uliifunga, au uliiweka tu?” Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimejifunza mambo machache, nami nayatoa hapa kwa faida ya wote ambao taa yao haina kishikio chake, au kishikio kimevunjika.

Kwanza, tumia mpira wa tyubu kuukuu. Kata ukanda wenye upana wa vidole viwili na urefu wa mkono mmoja. Zungushia usukani mara tatu, huku ukiuvuta kwa nguvu. Weka kurunzi juu ya mpira huo, kisha pitisha ukanda kwa kukingamisha, huku na huku, na ncha uichomeke chini. Mpira hung'ang'ania chuma na hupunguza mtikisiko wa mawe ya njiani. Waya mtupu huteleza juu ya rangi, na kamba ya katani hulegea.

Pili, funga mara mbili. Toa uzi mwingine mfupi kutoka kwenye kurunzi mpaka kwenye usukani. Uwe mfupi hata kurunzi ikianguka isiweze kufika kwenye gurudumu. Laiti ningalifanya hivyo!

Tatu, elekeza mwanga chini, ugonge ardhi kama hatua kumi mbele yako. Mwanga unaopiga juu hukuficha mashimo, tena humpofusha anayekuja.

Nne, usisahau nyuma, maana gari linalokuja nyuma yako wewe hulioni. Wengi hufunga taa nyekundu chini ya kiti, kisha hupakia gunia juu ya keria, na taa yote ikafichwa. Afadhali uikaze kwenye kipande cha ubao kilichofungwa kwa misumari ya nati chini ya keria, kitokeze kidogo nyuma ya mzigo, upande wa kulia. Kwa kuwa sisi huenda kushoto, na gari hutupita kwa kulia. Wengine hudhani kipande cha bati king'aacho chatosha. Hakitoshi. Bati huutupa mwanga upande mwingine, lakini kioo chekundu cha baiskeli kina pembe ndogo ndogo nyingi ambazo huurudisha mwanga kule kule ulikotoka, machoni pa dereva. Nacho kipanguse kila siku, maana kikiwa na matope ni kama hakipo.

Tano, wenye dinamo wasikilize. Dinamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, na aghalabu huwa na waya mmoja tu kwenda kwenye taa. Umeme hurudi kwa njia ya chuma cha baiskeli yenyewe. Kwa hiyo ukifunga taa hiyo juu ya mpira, umekata njia ya kurudi, na taa haitawaka hata ukikanyaga pedeli mpaka jasho likutoke. Ongeza waya wa pili kutoka chuma cha taa mpaka chuma cha baiskeli, na pale unapougusisha ukwangue rangi na kutu. Tena kumbuka kwamba ukisimama, dinamo nayo husimama, na taa huzimika. Kwa hiyo ukitaka kusimama, toka barabarani kabisa.

Ndugu zangu, mvuvi wa omena huifunga taa yake imara juu ya chelezo, kwa sababu ajua kwamba ikizama, kazi ya usiku ule imezama pamoja nayo. Haendi ziwani kwa kubahatisha. Sisi wa nchi kavu tuna lipi la kututuliza? Ukanda wa tyubu kuukuu ni bure kwa fundi yeyote, na kazi yenyewe haitimizi nusu saa. Leo jioni, kabla jua halijatua, ishike taa yako uitikise kwa mkono. Ikicheza, hujaifunga, umeiweka tu.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza habari za breki.